Mpimeni Tikolo kwa haki

MPENZI msomaji, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Methali hii hunijia kila nisikiapo watu wakibishana juu ya Steve Tikolo. Ubishi wenyewe hauishi. Baba husema Kenya haijapata kuzaa mpigaji wa kriketi kama yule, na pengine haitapata tena. Mwanawe aliye chuo kikuu hucheka, akatoa simu mfukoni na kuanza kumsomea takwimu. Dakika chache baadaye sauti zimepanda, chai imepoa, na mama anauliza kama huyo Tikolo ni jamaa yao.

Tuanze na hoja ya kijana, kwa kuwa si ya kupuuzwa. Katika mechi za kimataifa za siku moja, Tikolo alicheza takriban mara 135 na kupata mbio zaidi ya 3,400. Ukizigawanya mbio hizo kwa mara alizotolewa, unapata wastani usiofika 30. Wapigaji wanaohesabiwa kuwa magwiji duniani aghalabu huwa na 40 au zaidi. Isitoshe, alishiriki Kombe la Dunia mara tano, tangu 1996 hadi 2011, asifikishe mbio 100 katika mechi hata moja ya mashindano hayo. Hesabu hizo ni za kweli. Baba anayezijibu kwa kusema "wewe ulikuwa hujazaliwa" hajajibu kitu. Amemnyamazisha mtoto tu.

Hata hivyo, takwimu ni kama risiti ya dukani. Risiti hukuonyesha ulichonunua na bei uliyolipa. Haisemi ulitoka nyumbani na shilingi ngapi.

Sasa tutazame Tikolo alitoka nyumbani na nini. Tarehe 18 Februari 1996, mjini Cuttack nchini India, Kenya ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa ya kimataifa ya siku moja. Wengi wa wachezaji wetu walikuwa watu wa klabu, wenye kazi zao za kila siku, na mbele yao alisimama Sachin Tendulkar na wenzake. Siku hiyo Tikolo alipata mbio 65. Siku 11 baadaye, mjini Pune, Kenya ilitolewa kwa mbio 166 tu. Mbio 29 za Tikolo ndizo zilizokuwa nyingi kuliko za Mkenya mwingine yeyote. West Indies, pamoja na Brian Lara wao, wakatolewa kwa 93, na dunia ikashika kichwa.

Wiki moja haikupita. Tarehe 6 Machi, mjini Kandy, Sri Lanka iliichapa Kenya mbio 398, rekodi ya dunia wakati huo. Timu nyingine ingekunja jamvi. Tikolo aliingia uwanjani akapata 96, na Kenya ikafikisha 254 mbele ya timu iliyotwaa Kombe la Dunia siku chache baadaye. Kijana anayesema Tikolo hakufikisha 100 katika Kombe la Dunia anasema kweli. Alipungukiwa na nne.

Kuna jambo jingine ambalo simu ya kijana haimwonyeshi kwa urahisi. Mwaka 1997, mjini Kuala Lumpur, Kenya ilipambana na Bangladesh katika fainali ya Kombe la ICC, mashindano ya nchi zilizokuwa zikibisha hodi kwa wakubwa. Kenya ilipata mbio 241, na kati ya hizo Tikolo peke yake alipata 147. Mvua ikanyesha, hesabu ya ushindi ikabadilishwa, na Bangladesh wakashinda katika mpira wa mwisho kabisa. Fainali hiyo haikuhesabiwa kuwa mechi rasmi ya kimataifa ya siku moja, kwa hivyo mbio 147 hazimo katika ule wastani. Bangladesh walipewa hadhi ya kucheza mechi za Testi mwaka 2000. Kenya haikupewa hadi leo.

Hapo, mpenzi msomaji, ndipo penye kiini cha mambo. Tendulkar alicheza mechi 463 za siku moja na mechi 200 za Testi. Tikolo hakucheza Testi hata moja. Mwaka 2003 aliiongoza Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ni kweli New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, tukapata pointi za bure. Lakini Sri Lanka walikuja, wakashindwa kwa mbio 53 huku Collins Obuya akiangusha wiketi tano. Katika nusu fainali mjini Durban India walitushinda kwa mbio 91. Kati ya mbio 179 za Kenya, nahodha Tikolo alikuwa na 56. Hakuna nchi nyingine isiyokuwa na hadhi ya Testi iliyowahi kufika hatua hiyo.

Je, baada ya hapo tulipewa nini? Mwaka 2004 Kenya ilicheza mechi mbili tu rasmi za siku moja. Mwaka 2005 haikucheza hata moja. Wakati huo Tikolo alikuwa na umri wa miaka 33 na 34, umri ambao mpigaji huwa ameiva. Nyumbani nako wachezaji na viongozi walikuwa wakivutana juu ya malipo. Mwanafunzi atakayepewa mitihani miwili katika miaka miwili, kisha aulizwe kwa nini hakupata alama kama za mwenzake aliyefanya 40, atasema ameonewa.

Wapo pia wanaosema Maurice Odumbe ndiye aliyekuwa bora zaidi. Wana haki ya kusema hivyo, maana ndiye aliyekuwa nahodha kule Pune na aliangusha wiketi tatu kwa mbio 15. Mwaka 2004 alipigwa marufuku kwa miaka mitano kwa sababu ya uhusiano na wacheza kamari. Adhabu hiyo haifuti siku ya Pune, na siku ya Pune haifuti adhabu. Watoto wetu wanafaa kuyasikia yote mawili bila kuficha lolote.

Nirudi kwa Tikolo. Wapenzi wake nao wanapaswa kukubali kwamba mwisho wake haukuwa mtamu. Katika Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilipoteza mechi zote sita, na yeye, akikaribia miaka 40, hakuwa tena yule wa Kandy. Alistaafu, kisha akaitwa tena kusaidia akiwa amepita miaka 40. Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Timu inapomwita mzee aliyekwisha kuaga, swali linalostahili kuulizwa ni kwamba vijana wa kumrithi walikuwa wapi, na ni nani aliyekuwa na wajibu wa kuwalea. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baadaye Tikolo aliwahi kuwa kocha wa Uganda. Ujuzi wake ulipata wanafunzi ng'ambo ya mpaka.

Basi, kijana, endelea kusoma takwimu zako, lakini uliza pia mtu huyo alipewa mechi ngapi, na nani, na akiwa na wenzake gani. Nawe mzazi, usimfukuze mtoto kwenye mazungumzo kwa sababu ya umri wake. Mweleze ulichokiona, kwa tarehe na kwa hesabu, naye atakusikiliza. Mimi nikiulizwa, nasema Tikolo alikuwa mkubwa, na kwamba nchi yake haikumjengea uwanja wa kutosha ukubwa huo. Ubishi wa nani alikuwa bora unaweza kuendelea kwenye chai. Aibu ni kwamba tangu yeye aondoke, hatujapata mwingine wa kubishania.

Tukutane Jumapili ijayo.