STAA NA MASHINE YA BABU: KUSAFISHA SAWA, KUPIGA DHAHABU HAPANA!

Jina kapuni, ila wadau wa Bongo Fleva mnamjua. Wiki iliyopita katupia video fupi mtandaoni, haina gari, haina demu, haina hata biti. Kakaa uani, ndala miguuni, beseni la maji mbele yake, anasugua kidude kwa mswaki mchakavu. Kumbe ni mashine ya kunyolea ndevu ya marehemu babu yake, ile ya chuma ya kizamani: unazungusha mpini, kichwa kinafunguka, unapachika wembe katikati, unakaza.

Babu alikuwa mtu wa reli, Tabora. Alipofariki, mashine ilibaki kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati la bibi, miaka na miaka. Bibi naye alipotangulia mbele ya haki, vitu vikagawanywa. Cherehani kwa shangazi, redio kwa ba'mdogo, shamba kwa wakubwa. Staa alipoulizwa anataka nini, akasema lile kopo.

Basi povu likaanza kumwagika. Kundi la kwanza: "Tupa hiyo kitu kaka, utakuja kupata ngoma bure." Kundi la pili: "Kiki tu hizo, wimbo unakuja." Kundi la tatu ndilo lenye kelele zaidi: "Piga gold hiyo, we ni staa bwana!" Na sonara mmoja wa mjini kajitokeza kabisa, anasema ataipaka dhahabu bure, yeye anataka kutagiwa tu. Staa hajajibu. Kabla hajajibu, kuna mambo ya kuwekana sawa.

Tuanze na kusafisha, maana ushauri uliotolewa pale ungeiua mashine siku moja. Mtu anasema loweka kwenye jiki. Mwingine anasema piga stili waya hadi ing'ae. Hapana jamani. Mashine nyingi za aina hiyo ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli kwa juu, utando mwembamba sana. Jiki inakula chuma. Stili waya inakwangua nikeli, halafu ikishatoka hairudi kwa kusugua.

Staa mwenyewe alifanya vizuri kuliko washauri wake. Alitoa kwanza wembe wa zamani uliokuwa umeganda humo ndani, akaufunga kwenye karatasi ngumu ili usije kumkata anayezoa taka. Akaifungua mashine vipande vitatu, akaviloweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Ule weusi watu waliodhani ni kutu, mwingi ulikuwa sabuni iliyokauka na kuganda. Mswaki ukautoa. Palipobaki ukijani kwenye nyuzi za skrubu, akapitisha siki nyeupe kidogo, akasuuza fasta, maana siki nayo ikikaa sana inaanza kula chuma. Akakausha kwa kitambaa, akaweka tone la mafuta ya cherehani kwenye nyuzi. Gharama yake haifiki hata nauli ya bodaboda.

Sasa tuje kwa wale wa ngoma. Hofu yao si ya kijinga, ila imekaa pasipo pake. Virusi vya UKIMWI havidumu muda mrefu nje ya mwili, achilia mbali kwenye chuma kikavu kilichokaa miaka ndani ya kopo. Kirusi cha homa ya ini aina ya B ndicho kigumu, kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado kikaambukiza. Lakini siku 7 si miaka ishirini. Na kama moyo bado unasita, mashine ikishatakata inalowekwa kwenye spiriti dakika 10. Ikishatakata, rudia hapo, maana spiriti haifanyi kazi sawasawa juu ya uchafu.

Hatari yenyewe ni wembe. Na hapo ndipo watu wanasahau hiki kidude kilibuniwa kwa nini. Mmarekani King C. Gillette alipoanza kuuza mashine zake mwaka 1903, mwaka mzima ziliuzika 51 tu, na nyembe 168. Wazo lake lilikuwa jepesi: wembe ni wa kutupa, mashine ni ya kubaki. Ukiweka wembe mpya, wako peke yako, mashine ya babu ni salama kuliko mambo mengi yanayofanyika mjini.

Na tuache unafiki. Haohao waliomwambia staa atupe mashine, Ijumaa jioni wako kwenye foleni saluni. Kinyozi anamaliza kichwa cha mtu, anapuliza nywele kwa mdomo, anapitisha brashi mara mbili, kichwa kinachofuata. Nani aliuliza kama ile mashine imesafishwa? Nani aliomba wembe wa kuchonga ufunguliwe mbele yake? Mtu anaogopa mashine ya marehemu mmoja, ila haogopi mashine iliyopita kwenye vichwa arobaini siku hiyohiyo.

Halafu kuna komenti moja ambayo haikupata hata laiki kumi, na ndiyo ilipaswa kusomwa na wote. Aliiandika shangazi wa staa:

"Mwanangu, geuza mpini utazame chini. Kuna mistari mitatu. Baba aliichora kwa kisu. Zamani nyumba nzima wanaume walikuwa wananyolea wembe mmoja, yeye, kaka zake, mpaka wageni. Redio ilipoanza kusema msichangie nyembe, akachora ile alama, akawaambia hii sasa ni yangu, kila mtu atafute yake. Walimcheka sana. Wengine walionuna hatunao leo."

Soma tena taratibu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata kila familia ilikuwa na msiba au jirani mwenye msiba. Na huko Tabora mzee mmoja wa reli, bila semina wala posho, alichukua kisu akachora mistari mitatu kwenye mpini, akakubali kuonekana mchoyo mbele ya ndugu zake. Ile mistari si mikwaruzo. Ni sheria ya nyumba.

Sasa mueleweshe sonara huyo. Ili dhahabu ishike vizuri na ing'ae, mashine inasuguliwa kwanza hadi uso wake ulainike, mikwaruzo yote iishe. Mikwaruzo yote, pamoja na ile mitatu. Itatoka inawaka kama cheni ya video, watu watalaiki, na atakayerithi baada ya staa atapokea kitu kizuri kisichosema chochote. Kingeweza kuwa cha babu yeyote, au kimenunuliwa Kariakoo juzi.

Kuna tofauti kati ya uchafu na uzee. Sabuni iliyoganda ni uchafu, ukijani ni uchafu, wembe ulioganda ni uchafu na hatari. Lakini nikeli iliyolika pale kidole gumba cha mzee kilipokuwa kinashika kila asubuhi, huo ni uzee, haudhuru mtu. Anayerithi kazi yake ni kuondoa cha kwanza na kukiacha cha pili. Akivuka hapo, hasafishi tena, anafuta.

Na kwa wale wa "kiki", hata ikiwa kiki, poa tu. Vijana wakijua kudai wembe mpya kwa sababu ya kiki ya mtu, kiki hiyo imelipa kuliko nyingi.

Kwa hiyo staa, popote ulipo: mwambie sonara asante, akupakie pete. Nunua pakiti ya nyembe mpya, nyoa ndevu zako, kausha mashine, irudishe kwenye kopo. Na ukipata mtoto wa kiume akaanza kuota ndevu, mwonyeshe kwanza ile mistari mitatu, ndipo umfundishe kunyoa.

Wewe mdau ungechagua nini, dhahabu au mistari ya babu? Na kinyozi wako, huwa anafungua wembe mpya mbele yako? Tiririka hapo chini.