Kabla ya Kwenda Salalah, Hesabuni Sahani



Msimu wa kharif ndio huo. Kuanzia tarehe 21 Juni mpaka karibu tarehe 20 Septemba, wakati Muscat inachoma, Salalah inapata manyunyu, ukungu na majani mabichi, kwa sababu ya upepo ule ule ambao kwetu pwani tunauita kusi. Kila mwenye siku 4 za mapumziko na rafiki mwenye gari anaanza kutafuta hema. Wakubwa wanataka baridi, watoto wanataka bembea na michezo ya Atin.

Na kila mwaka maneno ni yale yale. Kuna wanaosema mtu aliyekuja kutafuta asitembee, kila riali iende nyumbani. Kuna wanaosema maisha mafupi, wacha tule raha, hela itatafutwa. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Mtu akifanya kazi miezi 11 bila kupumzika, mwisho wake anaumwa, na ugonjwa nao una gharama yake. Kwa hiyo nendeni, laleni kwenye hema, pandeni bembea. Lakini sahani zote za safari zihesabiwe kabla gari halijawashwa. Kwa maoni yetu, hela ya safari ya kambi inavujia kwenye chakula kuliko mahali pengine popote.

Tuangalie. Kutoka hapa Ansab hadi Salalah ni kama kilomita 1,000. Gari linajulikana linakunywa lita ngapi, bei ya petroli iko kwenye pampu, kwa hiyo unaipiga hesabu ukiwa umekaa kitandani. Hema unanunua mara moja na linakaa miaka. Tiketi ya mchezo bei yake imeandikwa mlangoni. Chakula je? Chakula kinatoka kidogo kidogo: karak hapa, maji pale, chipsi za mtoto, shawarma ya saa 6 usiku kwa sababu hakuna aliyepika. Hakuna anayeandika, na mkirudi hakuna anayekumbuka. Mnabaki kuulizana tu, "Jamani, zile hela zimeenda wapi?"

Halafu riali yenyewe inatudanganya. Ni pesa nzito sana, ila kwa vile namba zake ni ndogo tunaiona nyepesi. Tangu 1986 riali moja imefungwa kwenye dola kwa bei ile ile, dola 2.60. Yaani baisa 500, ile unayotoa mfukoni bila kufikiri, ni dola 1.30. Riali moja nyumbani ni zaidi ya shilingi 300 za Kenya, au zaidi ya 6,000 za Tanzania. Ukisema "riali moja na nusu tu", jiulize mama yako angepika nini kwa hela hiyo.

Na msimu huu unaangukia pabaya. Kenya muhula wa tatu unaanza mwishoni mwa Agosti, karo inatakiwa. Tanzania vijana wa kidato cha tano wanaripoti katikati ya mwaka, na orodha ya shule haina huruma: godoro, sare, madaftari, nauli. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, hatajua kwamba karo yake ililiwa kwa biriani njiani Haima. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabisa: tuma kwanza, safiri baadaye. Hela ya nyumbani itoke siku ya mshahara, kabla hujanunua hata mshumaa wa safari.

Sasa tupige hesabu.

Tuchukue watu 4, siku 4. Kila mtu milo 3 kwa siku, hiyo ni milo 12. Mara watu 4, sahani 48. Tuseme mnakula mikahawani, na kila sahani pamoja na kinywaji inakwenda riali 1.500. Hapo ni riali 72. Ongeza chai, maji na vitafunio, baisa 500 kwa kila mtu kila siku, unapata riali 8. Jumla riali 80, sawa na dola 208. Kila mmoja ametoa riali 20 kwa tumbo peke yake.

Mkipika wenyewe, makadirio yetu ni haya. Weka bei za duka lako, lakini picha haitabadilika sana:

- Mchele kilo 5: riali 3.500
- Kuku 2 wa barafu: 2.600
- Trei moja ya mayai: 2.000
- Unga, mafuta, sukari, majani ya chai, maziwa ya unga: 4.500
- Vitunguu, nyanya, viazi, ndimu, pilipili: 2.500
- Dengu na maharage, kilo 2: 1.600
- Tende na ndizi: 2.000
- Samaki, mnanunua Salalah: 4.000
- Maji ya kunywa: 3.000
- Gesi na mkaa: 3.000

Hapo ni riali 28.700. Ongeza riali 8 za kula nje usiku mmoja, na 3.300 za dharura. Jumla riali 40 kamili, kila mtu 10. Mmeokoa nusu, riali 10 kwa kila kichwa, na mchele utabaki mrudi nao.

Kuna jambo dogo la kodi hapa ambalo wengi hawalifikirii. Tangu Aprili 2021 Oman ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, lakini vyakula vingi vya msingi vimewekewa kiwango cha sifuri. Ukila kwenye mkahawa uliosajiliwa, mchele ule ule unaulipia kodi. Kila sahani mtaona ni kidogo, lakini zidisheni mara 48.

Kununua nako kuna akili yake. Soko kuu la mboga na matunda lilikuwa Mawaleh, hapa jirani, na wengi wetu tumezoea kwenda kule. Tangu katikati ya 2024 limehamia Khazaen, upande wa Barka. Kwa kikapu cha watu 4, msifuate vitunguu mpaka kule, petroli itameza mlichookoa. Mkiwa familia 5 mnanunua kwa magunia, hapo sawa. La sivyo, nunueni kwenye duka kubwa la karibu siku ya punguzo, wiki moja kabla.

Njiani ndiko hela inakopotea zaidi, kwa sababu baada ya Adam ni jangwa hadi Thumrait, na kituo kikionekana kila mtu anashuka na njaa. Mlo wa kwanza na wa pili utoke nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vya rojo, maandazi, chupa mbili za chai. Msichukue wali uliopikwa jana yake ukashinda kwenye buti la gari, kwa joto lile wali unaharibika haraka na utawapeleka hospitali. Tende chukueni za kutosha, kiangazi ndio msimu wa mavuno yake hapa Oman, na hakuna chakula cha safari kinachoshiba kwa bei ile. Chupa za maji zigandisheni siku mbili kabla na muzipange kwenye deli pamoja na kuku: zinafanya kazi ya barafu, na zikiyeyuka mnakunywa. Papa mkavu tunampenda, lakini muulizeni kwanza mwenye gari.

Mkifika, kumbukeni kharif ni unyevu. Mkaa unalowa, kiberiti kinalowa. Jiko dogo la gesi ndilo la kutegemea, mkaa uwe wa starehe. Msiwashe moto juu ya majani. Tumieni sehemu zilizotengwa, kwa sababu faini moja inaweza kufuta akiba yote ya safari. Na hili tunalisema kwa herufi kubwa za moyo: jiko la gesi au la mkaa lisiingie ndani ya hema, hata manyunyu yazidi vipi. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Mvua ikikataa kupika, siku hiyo mle mkate, tende na maziwa, na mambo yaishe.

Samaki msibebe kutoka Muscat, pwani ya Dhofar samaki wapo. Ila kuanzia tarehe 15 Agosti hadi tarehe 15 Oktoba nguru hafai kuvuliwa wala kuuzwa, ni msimu wake wa kuzaana, kwa hiyo pangeni jodari au changu. Ndizi, mapapai na madafu yapo kwenye vibanda vya barabarani karibu na mashamba; ukisimama pale utadhani uko Tanga. Ulizeni bei vibanda viwili vitatu kabla ya kununua.

Sasa tuje kwenye viwanja vya michezo. Ushauri wetu ni mmoja: kuleni kambini saa 11 jioni, mwingie mmeshiba. Mtu mwenye njaa hapigi hesabu vizuri, na mtoto mwenye njaa ndani ya taa na muziki ataomba kila kinachonuka. Kila mtoto apewe kiasi chake mkononi kabla ya kuingia, na aambiwe hicho ni cha bembea na cha utamu, kikiisha kimeisha. Watoto wanajifunza haraka kuliko sisi. Mkienda viwanja vya michezo ya maji, ulizeni kwanza kama chakula cha nje kinaruhusiwa, kwa sababu vingi havikubali. Kama hawakubali, shibeni nje, na chakula kibaki kwenye deli garini.

Tulisema riali 8 za kula nje usiku mmoja, na hizo msizifute. Safari isiyo na mishkaki ya Atin, na ile nyama ya kuchoma juu ya mawe ya moto, itawaachia uchungu, na mwenye uchungu huwa anakuja kufidia kwa fujo. Starehe iliyopangwa ni sehemu ya bajeti. Inayotuumiza ni ile inayojitokeza mara 10.

Kubwa linalobaki ni mchango. Tumeona urafiki wa miaka ukifa kwa sababu ya chenji ya safari, na mara nyingi hakuna aliyeiba, tatizo ni kwamba hakuna aliyeandika. Maoni yetu ni haya. Chakula wote watoe sawa, kwa sababu sahani ni sawa. Michezo kila mtu ajilipie, kwa sababu dada anayepata riali 100 kwa mwezi asilazimishwe kulipia bembea za watoto wa mtu anayepata 400. Mwenye gari asichangie petroli, gari lake linachakaa. Na anayepika asioshe vyombo wala asiamke peke yake alfajiri. Tunasikitika kuona kina dada wanaopika wiki nzima kwenye nyumba za watu wanapelekwa likizo kwenda kupika tena, halafu wanachangishwa sawa na aliyelala. Kazi ya mtu nayo ni mchango, iandikwe. Zamu za jiko zipangwe hapa hapa Ansab, kwenye karatasi moja na orodha ya vyakula, wanaume wakiwemo. Mtu mmoja ashike kibeti cha chakula, aandike kila baisa, na siku ya kurudi asome mbele ya wote.

Tunajua kuna atakayesema kubeba masufuria mpaka Salalah ni aibu, tutaonekana maskini. Ndugu zetu, waangalieni wenyeji. Familia za Kiomani zenye magari makubwa kuliko nyumba zetu zinashusha mkeka, sufuria la wali, chupa ya kahawa na tende, wanakaa chini na kula pamoja. Hakuna anayewacheka. Aibu ni kurudi Muscat Jumapili asubuhi na kuanza kukopa hela ya basi.

Zile riali 10 mlizookoa kila mmoja zisilale mfukoni, zitapotea. Siku mnayorudi, kabla hamjafua nguo, kila mtu aziweke kwenye akaunti ya akiba au aziongeze kwenye karo. Dola 26 hazijengi nyumba, ni kweli. Lakini mtoto akikosa daftari na viatu vya shule, hizo ndizo zinazotakiwa.

Safari njema. Endesheni taratibu mkifika kwenye ukungu.