Theluji ya Aprili yabana besiboli ya shule Marekani: Hasara ni ya nani?

Kofia yenye herufi NY si ngeni Gikomba, Karume wala Owino. Wengi wetu tumezinunua kwa robota na kuziuza moja moja bila kuuliza herufi zile ni za nani. Ni nembo ya Yankees, timu ya besiboli ya New York. Lakini leo hatuzungumzii timu hiyo tajiri. Tunazungumzia ngazi ya chini ya mchezo huo, yaani shule za sekondari za Marekani, ambako karibu wavulana nusu milioni hucheza kila mwaka. Huko hali ya hewa huvuruga ratiba kwa namna ambayo mfanyabiashara aliyewahi kukwama njiani kwa sababu ya daraja kusombwa na maji ataielewa mara moja.

Besiboli ya shule huchezwa katika majira ya machipuko, yale yanayofuata baridi kali, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Juni. Katika majimbo ya kusini kama Florida na Texas hilo si tatizo kubwa. Kaskazini, katika majimbo kama Minnesota, Wisconsin na Michigan, kalenda husema ni machipuko huku ardhi ikiwa bado imeganda. Wanafunzi huanza mazoezi ndani ya kumbi za mpira wa kikapu, wakirushiana mipira juu ya sakafu ya mbao na kusubiri theluji iyeyuke.

Mwaka 2018 unaonyesha ukubwa wa tatizo. Katikati ya Aprili dhoruba ilimwaga zaidi ya sentimita 35 za theluji mjini Minneapolis. Mwezi mzima ulipokwisha, theluji iliyoanguka ilifikia sentimita 66, rekodi ya Aprili katika mji huo. Hata Twins, timu ya kulipwa ya huko, iliahirisha michezo mitatu mfululizo. Miaka mitano kabla, Mei 2013, theluji nzito iliangukia kusini mwa Minnesota wakati ambapo shule zilipaswa kuwa katikati ya msimu. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 yalileta zaidi ya mita 2 za theluji Minneapolis, na Aprili ikaingia huku viwanja vingi vikiwa bado vimefunikwa.

Theluji ikishaondoka, shida haijaisha. Sehemu ya ndani ya uwanja wa besiboli ina udongo uliosawazishwa. Maji ya theluji na mvua hutuama juu yake kwa sababu tabaka la chini bado limeganda na haliwezi kuyanywa. Makocha na wazazi huingia na reki, sepeto na mifuko ya chembe za udongo mkavu wa kufyonza maji. Wakati mwingine hufanya kazi hiyo asubuhi nzima, kisha mvua inarudi saa tisa alasiri na mchezo unafutwa. Radi nayo ina sheria yake: ikisikika, wachezaji wote hutoka uwanjani, na hawarudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Mwanzo wa msimu husogea, lakini mwisho wake hausogei. Shule hufungwa mwanzoni mwa Juni, na mashindano ya jimbo yamekwisha kupangiwa tarehe na viwanja. Timu iliyopanga kucheza takriban michezo 20 ndani ya wiki nane inajikuta na wiki tano. Ni kama malori yaliyozuiwa kwa siku nne kisha yote yakaruhusiwa usiku mmoja: nyanya zote zinafika sokoni asubuhi ile ile, na kila mtu anataka kuuza kabla ya jioni.

Wa kwanza kulipa ni mrushaji. Katika besiboli mchezaji mmoja huurusha mpira kwa nguvu kumwelekea mpigaji, tena na tena, na bega na kiwiko chake ndivyo vinavyobeba mzigo. Michezo ikibanana, shawishi la kumrudisha yule yule bingwa baada ya siku mbili huwa kubwa. Kwenye baridi misuli huchelewa kupata joto, vidole hufa ganzi na mpira huteleza mkononi.

Kwa hiyo mwaka 2016 shirikisho la vyama vya michezo ya shule za sekondari nchini humo liliamua kwamba kila jimbo liweke kikomo cha mipira ambayo mrushaji anaweza kurusha, na siku za kupumzika. Sheria hiyo ilianza kutumika msimu wa 2017. Mwongozo uliotolewa na ligi kuu mwaka 2014 unasema kijana wa miaka 17 au 18 asizidishe mipira 105 kwa siku, na akizidisha 80 apumzike siku nne. Hatua hiyo ni nzuri kwa afya, lakini imebadilisha hesabu. Timu yenye michezo minne kwa wiki sasa inahitaji warushaji wengi. Shule kubwa ya mjini inao. Shule ya kijijini yenye wavulana 15 katika timu nzima humweka uwanjani mtoto ambaye hajawa tayari, au husalimu mchezo.

Wa pili kulipa ni shule isiyo na fedha. Nyasi bandia hupitisha maji haraka, na theluji inaweza kusukumwa ikaondoka bila kuacha matope. Shule yenye uwanja wa aina hiyo hucheza siku ambayo jirani yake anaangalia dimbwi. Baadhi ya timu hukodi saa za usiku katika uwanja mkubwa wenye paa mjini Minneapolis. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ikifika Juni, mmoja amecheza michezo 18 na mwenzake 11, lakini wanapimwa kwa mizani ile ile.

Wa tatu ni kijana wa mwaka wa mwisho anayetafuta nafasi ya chuo au timu ya kulipwa. Maskauti husafiri kwenda kuona wachezaji, na hawapendi kupoteza tiketi ya ndege kwa mchezo uliofutwa. Mike Trout alisoma Millville, New Jersey, ambako machipuko ni ya baridi na mvua. Mwaka 2009 timu 21 tofauti zilimruka, akachaguliwa wa 25. Tangu hapo ametunukiwa mara tatu tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake. Wengi wanaofuatilia mchezo huo hutaja hali ya hewa ya kwao miongoni mwa sababu za kuthaminiwa chini. Mfanyabiashara analijua hilo: mali nzuri iliyofika sokoni na matope hupewa bei ya matope.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na iko jirani kabisa na Minnesota. Jimbo la Iowa huchezesha besiboli ya shule wakati wa kiangazi, michezo ikianza Mei na fainali zikichezwa Julai. Ndilo jimbo pekee lililobaki na utaratibu huo. Wisconsin nayo ilikuwa na msimu wa kiangazi kwa baadhi ya shule, lakini ikauacha baada ya 2018. Sababu za kuukwepa zinaeleweka: kiangazi ni wakati wa kazi za vibarua, safari za familia, na klabu binafsi zinazowataka vijana wale wale. Kwa hiyo kila jimbo linachagua hasara yake. Iowa imechagua kugombania muda wa vijana. Majirani zake wamechagua kugombana na theluji.

Jambo hili lina maana kwetu pia, kwa sababu besiboli imekwisha kuvuka mipaka ya Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani. Mwaka 2022 Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma, walisaini mkataba na Dodgers ya Los Angeles. Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani. Hatuna theluji, lakini tuna masika, Machi hadi Mei, na udongo wa uwanja haujali kama maji yametoka kwenye barafu au mawinguni.

Anayepanga mashindano ya shule katika kanda yetu bado ana nafasi ya kuchagua tarehe kabla mazoea hayajawa sheria. Aiweke fainali mbali na mvua, aache wiki mbili tupu mwishoni kwa ajili ya michezo iliyoahirishwa, na aandike mapema kikomo cha mrushaji. Wenye malori hukubaliana nani atalipa gharama za kusubiri kabla gari halijaondoka, wala hawangoji lifike kwenye foleni ya Malaba. Kijana wa miaka 17 mwenye mkono wa kurusha mpira anastahili makubaliano kama hayo.