Senema ya "Terra Sonâmbula": Sifa Zimezidi

Katika senema za Msumbiji zilizosifiwa sana imo hii iitwayo Terra Sonâmbula, yaani nchi itembeayo usingizini. Aliitengeneza Bibi Teresa Prata mwaka 2007 kutokana na kitabu cha Bwana Mia Couto kilichotoka mwaka 1992, mwaka ule ule vita vya miaka 16 vilipokoma. Husemwa kwamba hapana picha imwonyeshayo mtoto wa vita kama hii. Mimi nimeitazama mara mbili, nami sikubali.

Hadithi yenyewe ni hii. Mtoto Muidinga, asiyejua wazazi wake, afuatana na mzee Tuahir, ambaye si babu yake kwa damu. Wajihifadhi katika machimbombo lililoungua. Karibu na maiti Muidinga aokota madaftari, na ndani yake asoma habari za mwanamke aliye merikebuni, amtafutaye mwanawe. Basi mtoto ajiaminisha kwamba huyo ndiye mamaye, na safari ya kumtafuta yaanza.

Jambo moja nalisifu bila choyo: mtoto amsomea mzee. Mzee ajua chakula cha porini na hatari za njia, mtoto ajua herufi, na kila mmoja ana cha kumpa mwenzake. Hapo Bibi Prata amepata.

Walakini sikilizeni wanavyosema. Tuahir, mzee wa shamba asiyejua kusoma, azungumza Kireno! Mzee gani wa Palma au Quionga humwonya mjukuu wake usiku kwa Kireno? Hata huko kusini sidhani. Mtu akisema senema haiwezi kuuzwa nje kwa lugha zetu, namwonyesha Vuta N'kuvute ya Bwana Amil Shivji, iliyotoka katika kitabu cha Bwana Adam Shafi. Wachezaji wake husema Kiswahili cha Unguja, na mwaka 2021 ilionyeshwa Toronto.

La pili ni zito zaidi. Katika senema hii njia yenyewe hutembea, ikawazungusha wasafiri na kuwarudisha walipotoka. Ni nzuri kwa macho, lakini vita vyageuka kuwa kama tufani iliyokuja yenyewe. Mtazamaji aondoka bila kujua machimbombo lile lilichomwa kwa ugomvi gani. Na mtoto hana kazi ila kuota mama.

Sasa tazameni kwetu. Vita vyetu vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 1917 na mia moja juu yake, yaani 2017. Palma ikashambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Kufikia mwaka huo watu zaidi ya 700,000 walikuwa wamehama makwao. Mwaka 2020 mashua zilishusha watu pwani ya Paquitequete, Pemba, siku baada ya siku. Mtoto wa miaka kumi aliyeshuka pale na mdogo wake mgongoni alikuwa na hesabu mbele yake: maji haya, unga huu, watu sita. Akiona foleni alijua asimame wapi. Utu uzima ulimjia kwa njia hiyo, wala hakuwa peke yake, maana shangazi, jirani na nahodha walikuwapo.

Nitaambiwa senema si gazeti. Kweli, lakini watu wakizoea mtoto wa namna ya Muidinga, humjia mtoto wa kambini wakitaka wasikie ndoto zake na kumpiga picha, naye anataka cheti cha kuzaliwa kilichoungua na nafasi darasani.

Ninyi wanafunzi wa zamani mliopita Paquitequete, kurasa hizi za Kiswahili ziko wazi. Andikeni mashua ilikuwa ya nani, nauli ilikuwa kiasi gani, mlikula nini njiani, na nani alikataa kupanda.