Sambusa si Kosa, Wala Samosa si Dhambi

Wako walimu wa Kiswahili ambao wino wao mwekundu hutangulia fikira zao. Mwanafunzi wa Kehancha akiandika katika insha kwamba wageni walikaribishwa kwa chai na sambusa, neno hilo hupigwa mstari na pembeni pakaandikwa "samosa". Hoja yao ni kuwa sambusa ni Kiswahili cha Sirari, yaani cha ng'ambo ya mpaka. Nimeyaona masahihisho ya namna hiyo, nami nasema wazi kwamba hayana msingi wa kiisimu.

Kwanza, sambusa si mali ya Tanzania peke yake. Mombasa imo Kenya, na huko ndilo neno la wenyeji. Wapishi wa pwani huandaa manda kwa ustadi: chapati nyembamba hupakwa mafuta, hupandanishwa, hupashwa moto kidogo kikaangoni, kisha hubanduliwa mojamoja na kukatwa vipande. Kila kipande hukunjwa pembe tatu, kikatiwa nyama ya kusaga yenye vitunguu na bizari, kikagandishwa kwa uji wa unga na kukaangwa. Isitoshe, mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioiteua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Itakuwaje basi neno la Unguja na Mombasa lihesabiwe kuwa geni darasani?

Pili, maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Asili yao ni Uajemi. Waarabu walilipokea neno hilo wakaliita sanbusak. Sauti n ikitangulia b hugeuka m, na ndipo tukapata sambusa, kama Wasomali walivyopata sambuus. Huko Bara Hindi sauti b ilidondoka, ikabaki samosa, nasi wa bara tukaipokea kutoka kwa Wahindi waliofungua maduka katika miji yetu. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikikuta baadaye chakula hicho katika jumba la Sultani wa Delhi: nyama iliyosagwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ndani ya mkate mwembamba uliokaangwa kwa samli.

Je, haya ni mabishano ya vitafunio tu? La hasha. Mtoto wa Kikuria ana jamaa Tarime na jamaa Kehancha. Kiswahili chake amekiokota pande zote mbili za mpaka, na huo ni utajiri. Akipokonywa alama kwa neno sahihi, hujifunza jambo moja tu: kuogopa kuandika.

Nawasihi walimu wenzangu wafungue kamusi kabla ya kushika kalamu nyekundu. Nanyi wanafunzi, chagueni neno moja na mlishike hadi mwisho wa insha. Mkiulizwa, elezeni lilikotoka.