Siku Nne za Pasaka Kijijini, na Kichocho cha Mtoni

Kutoka Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka ni siku nne za mapumziko, na familia nyingi za Mwanza, Geita, Kahama na Shinyanga mjini huzitumia kwenda kusalimia wazee. Kama kwenu ni pande za Songwa, wilayani Kishapu, raha yake unaijua: karanga mbichi, mahindi ya kuchoma, na watoto wa mjini wanaowafuata binamu zao mtoni au kwenye lambo na kushinda huko hadi jua lipunguze ukali. Sioni sababu ya kuwanyima wazee wajukuu wao. Ninachokipinga ni ile kauli inayosikika kila mwaka: “Waacheni waoge, hata sisi tulikulia humo humo.”

Ni kweli wengi walikulia humo. Walikojoa damu pia, na kwa kuwa karibu kila mvulana wa rika lile alikojoa damu, ikaonekana ni jambo la umri tu. Sivyo. Ule ni ugonjwa wa kichocho, na usipotibiwa huharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani ya kibofu.

Mtu mwenye kichocho cha mkojo akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu vyake humwingia konokono mdogo wa maji. Baada ya wiki kadhaa hutoka kwa maelfu wakitafuta ngozi ya binadamu. Hawahitaji kidonda wala kunywewa. Dakika chache za kuoga au kufua zinatosha. Nao hutoka zaidi jua likiwa kali, tuseme saa nne hadi saa tisa mchana, ndiyo saa ambazo watoto wetu wanapenda kuogelea.

Wapo wanaosema mito ya kwetu hukauka, kwa hiyo haina konokono. Konokono wa kichocho hujua kungoja. Hujificha kwenye tope kavu miezi ya kiangazi, na mvua zikinyesha wanaamka. Mto ukipungua kasi na kuacha madimbwi yenye majani, ndipo wanapostawi.

Tena mgeni si wa kuhurumiwa tu, maana huweza kuwa yeye ndiye aliyeleta. Katika kisiwa cha Corsica, nchini Ufaransa, watu waliokwenda kupumzika kando ya mto Cavu mwaka 2013 walirudi makwao na kichocho, na baadaye waligunduliwa wagonjwa zaidi ya 100. Wengine hawakuwa wamewahi kufika Afrika. Wataalamu walivichunguza vimelea wakaona vina asili ya Afrika Magharibi, yaani mtu aliyekwisha kuambukizwa alikuwa amekojoa katika mto ule wenye konokono wanaofaa. Basi baba anayesimama ukingoni kujisaidia huku akitazama mandhari, afikiri kidogo. Na kama mna fedha za kuchinja mbuzi, ukoo mzima unaweza pia kuchangia choo cha bibi. Si haki mgeni ajilinde kwa siku nne huku binamu wakibaki na maji yale yale mwaka mzima.

Jambo linaloniuma zaidi ni la wasichana na akina mama. Mayai ya kichocho hukwama pia katika viungo vya uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na kutokwa damu. Huweza kuzuia mimba, na vidonda hivyo hurahisisha maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Lakini binti akionekana na dalili hizo, jambo la kwanza kudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Mama anagombana naye, mume anamfukuza mke, na kumbe kosa lake ni kwenda kufua na kuteka maji, kazi ambazo sisi wenyewe tumempa.

Kwa hiyo, wazazi, teka maji ya kuogea mkifika, yakae katika pipa lililofunikwa na lisilo na konokono kwa siku mbili. Vijidudu vya kichocho vitakuwa vimekufa. Ya kunywa yachemsheni hata hivyo, kwa sababu ya magonjwa ya matumbo. Na watoto wakatazwe mto kabla ya kupanda basi, si baada ya kuloa.

Aliyekwisha kuoga asikimbilie vidonge siku ya pili. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, huua minyoo waliokomaa na huwaacha wachanga, tena haimkingi mtu anayerudi majini. Ngojeni miezi miwili au mitatu, mkapime mkojo hata kama hakuna dalili. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hasa katika matone ya mwisho, hivyo mkojo wa alfajiri haufai sana. Akianza kukojoa damu au kuugua mapema, msingoje, nendeni hospitali. Na mwambieni daktari wa mjini bila kusubiri aulize: Pasaka tulikuwa kijijini, watoto waliogelea.