Unamwagilia lami, mshikaji!

Nyie watoto wa geti kali, kile kidude cha kurushia maji bustanini kinawapiga bao kila mwezi. Kikizunguka saa saba mchana, jua na upepo vinayanywa maji kabla ya nyasi. Cheki nje: lami imelowa? Basi unamwagilia barabara! Ila noma yenyewe ipo ardhini. Tanki likijaa, funga koki zote, kodolea mita. Bado inazunguka? Kuna bomba linavuja. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na Dar ikaingia kwenye mgawo, dumu moja lilikuwa dili. Halafu shamba boi usimfokee. Hiyo saa saba ulimpangia wewe.